Kikwembe cha Mgongoni

Kampala, tarehe 4 Machi 2024

Maman mukubwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha magoti yako, kisha wateja wako wote wa soko la Nyawera, hata wale wanaobonyeza nyanya na kuondoka bila kununua. Mimi mzima. Chakula kipo, usingizi ndio adimu. Barua hii anakuletea Papa Anaclet, yule anayekuja huku kununua viatu, kwa sababu najua wewe na simu hamjapatana bado.

Uliniuliza tena uwajibu nini watu wa parokia wanaocheka kwamba nimevuka mipaka kwenda université kusoma kushona. Waambie sisomi kushona. Mafundi wa kwetu Kadutu wananishinda kushona hata wakifumba macho. Ninasoma biashara ya mitindo: kwa nini mtu anapenda gauni hili na kulipita lile, kitambaa kinatoka wapi, duka linajijengeaje jina, mteja anarudishwa vipi. Ni masomo kama mengine, na yanachosha kama mengine.

Mwaka huu kila mmoja wetu anatakiwa kutengeneza nguo zake, kuzionyesha mbele ya walimu na kuziuza. Mwalimu wetu anasema nguo peke yake haiuziki, kinachouzika ni hadithi yake. Wenzangu wanaleta vitu vya kwao. Msichana mmoja wa Masaka ameleta kitambaa cha gome la mti cha babu yake, mwingine gauni la Kiganda la gomesi, la marehemu mama yake. Mimi sikuwa na cha kuleta, kama mgeni matangani. Kisha nikakumbuka kile kikwembe cha kijani chenye ndege wa njano, ulichonibebea mgongoni nikiwa mtoto. Bado kiko ndani ya sanduku? Nakiomba, Maman. Ni kwa ajili ya masomo.

Niombee, na msalimu tonton Cyprien.

Mtoto wako,
Sifa

*

Bukavu, tarehe 21 Machi 2024

Sifa mtoto wangu,

Salamu zako zimefika na magoti yamezipokea. Leo yanauma kidogo tu, maana mvua imepumzika. Kaka yangu Cyprien alikuwa na malaria, amepona, na amerudia kugombana na redio. Wewe unakula kweli, au unaniandikia tu kwamba chakula kipo?

Nimesoma barua yako mbele ya mlango nikacheka peke yangu, mpaka jirani Georgette akauliza kama nimepatwa na kitu. Eti ni kwa ajili ya masomo. Sawa, mwanangu, ni masomo. Mimi nilipoomba cha kwangu kwa marehemu mama, nilisema nataka kufunikia unga wa muhogo usiingie vumbi. Mama alinipa bila neno. Mimi pia nakupa bila neno. Sikuulizi chochote, mvumilivu hula mbivu.

Kikwembe ndicho hiki. Nimekifua kwa mkono na kukianika kivulini ili ndege wasizidi kupauka. Mmoja wao, upande wa pindo, ana tundu. Ni la msumari wa lango la misheni ya Nyangezi, mwaka ule wa 2004 tulipokimbia risasi kutoka Kadutu. Nilitembea na wewe mgongoni, mvua ikitupiga, na wewe umelala kama mtu aliyelipia safari. Lucie, mdogo wangu aliyekuzaa, alikuwa ameshakwenda Lubumbashi zamani. Ulikuwa na mimi tu, na mimi nilikuwa na wewe tu, kwa sababu wa tumbo langu Mungu hakunipa.

Kitunze. Kitarudi nyumbani siku yake. Kwa furaha nimemdokeza Cyprien peke yake habari yako, ila si kwamba kikwembe kimetoka sandukuni, na Cyprien unamjua, ameshawaambia wote.

Nyamuzinda, Mungu wa wazee wetu, akulinde huko uliko.

Mama yako,
Virginie

*

Kampala, tarehe 30 Juni 2024

Maman mukubwa,

Unaendeleaje, na soko linaendeleaje? Nisamehe kwa kimya. Tangu Aprili nimeishi kati ya cherehani na vitabu. Nimekonda, lakini afya ni nzuri na roho imenenepa.

Maman, tumeshinda. Nasema tumeshinda kwa sababu bila wewe nisingekuwa na kitu cha kuonyesha. Nilikikata kikwembe vipande vyembamba, na kila gauni nikalitia kipande kwenye kola, ndege mmoja au nusu ya ndege. Kisha nikaning'iniza kikaratasi kidogo kinachosema kwamba ndani ya kola hii kuna kitambaa ambacho mwanamke wa Bukavu alimbebea mtoto wake akikimbia vita. Jina lako sikuliweka, usiogope. Watu walisoma, wengine wakafuta macho, na magauni yote yaliondoka siku ileile ya onyesho. Mwalimu alisema mbele ya darasa kwamba hiyo ndiyo maana ya biashara ya mitindo. Mwenye duka moja la Kololo anataka mengine, ila kitambaa kimekwisha.

Nilitaka kukubakizia angalau lile pindo lenye tundu la msumari. Mteja wa mwisho akalipenda hilohilo, na mimi nikampa. Nilipoanza kukata nilirudisha makasi mezani mara mbili, nisikufiche. Baadaye makasi yakazoea.

Ungekuwepo ungepiga vigelegele mpaka walimu wakimbie. Nakutumia picha kwa mkono wa Papa Anaclet. Waonyeshe wale watu wa parokia.

Mtoto wako mwenye furaha,
Sifa

*

Bukavu, tarehe 18 Agosti 2024

Sifa,

Natumaini uko mzima na umeanza kula chakula cha watu. Hapa tupo. Kiangazi kimekuwa kirefu, vumbi limeingia hadi kwenye chumvi, lakini hatulali njaa.

Hongera kwa masomo. Nasema kweli, hongera. Barua yako ninayo tangu Julai, na sikujibu kwa sababu kila nikishika kalamu yalikuja maneno ambayo mama hamwandikii mtoto. Sasa yamepoa, naweza kuandika.

Kuna jambo nilidhani unalijua. Katika ukoo wetu msichana hasemi kwamba amepata mchumba. Anaomba kikwembe alichobebewa, na anatoa kisingizio: unga, mto, baridi, chochote. Mkubwa wake anajifanya ameamini. Ndiyo maana nilicheka. Kadiri ulivyoeleza mambo ya masomo ndivyo nilivyojisemea, huyu mtoto amefundwa vizuri. Lakini nani angekufunda kama si mimi, na mimi sikukufunda, kwa sababu uliondoka mapema kwenda shule za mbali. Kwa hiyo nusu ya kosa nakaa nayo.

Nusu nyingine ni nzito zaidi. Siku ya mahari wakwe wanaleta kikwembe kipya, kikwembe cha mama. Mzee wa ukoo anauliza nani alimbeba mtoto huyu. Aliyembeba anatoka na kile kikuukuu begani, kila mtu anakiona, naye anapokea kipya. Ndiye atakayeitwa kumwogesha mtoto wako wa kwanza na kumtoa nje mgongoni. Mama mzazi hata asipokuwa na kikuukuu, tumbo linamtetea. Mimi nina nini cha kunitetea? Ndege wale wa njano ndio walikuwa mashahidi wangu, na wewe umewagawa kwa watu nisiowajua.

Sikukuambia zamani kwa sababu mtu haombi heshima kwa mdomo wake mwenyewe. Nilingoja unipe. Nimeumia, Sifa, na ningeandika kinyume ningekuwa nakudanganya.

Usimwambie mtu kwamba kimekatwa. Picha nimezificha. Watu wa parokia nimewaambia hazikufika.

Mama yako,
Virginie

*

Kampala, tarehe 10 Septemba 2024

Maman yangu,

Hujambo? Mimi sijambo mwilini, ila tangu barua yako ifike sijatulia. Nisamehe. Sikujua. Ulipoandika kwamba kitarudi nyumbani siku yake nilisoma nikapita, kama mtu anavyopita kibao cha njia anayoizoea.

Hata hivyo nakuomba usijitese. Nani atakuuliza ushahidi wewe? Kadutu nzima inajua ulinilea. Aliyenipeleka shule ni wewe, aliyenipiga nilipoanguka kwenye mto Kawa ni wewe. Lucie sijamwona tangu nilipopata komunyo ya kwanza, na hata siku ile alichelewa. Nitakununulia kikwembe kizuri cha Hollandais, kizito, chenye rangi isiyopauka, uvae siku hiyo na kila mtu atajua.

Na siku hiyo ipo, Maman. Wewe ulicheka kabla ya wakati, lakini hukucheka bure. Anaitwa David. Ni kijana wa kwetu, wa Bagira, anasoma hapa mambo ya umeme. Wakati ule nilipoomba kikwembe alikuwa rafiki tu, naapa. Sasa ameniambia anataka kuwatuma wazazi wake.

Nijibu hata kwa mistari miwili. Nikiona mwandiko wako nitajua umeanza kunisamehe.

Mtoto wako,
Sifa

*

Bukavu, tarehe 6 Mei 2025

Sifa mtoto wangu,

Tuko hai. Najua hilo ndilo unalotaka kusoma kwanza. Februari ilipita juu yetu, tukalala chini ya vitanda, tukaamka, tukahesabiana, wote tupo. Benki zimefungwa, watu wanauziana kwa kukopeshana na kwa kuaminiana, na mimi nyanya zangu zinaoza kwa sababu wateja wamekimbilia vijijini. Anaclet ndiyo kwanza amepata njia. Wewe na David mko salama?

Barua yako ya Septemba niliipata na sikujibu. Kwanza nilikuwa na hasira, halafu hasira ikaisha nikawa na uvivu, halafu vita vikaja. Kukusamehe nilikusamehe zamani. Kuumia na kusamehe vinakaa nyumba moja, usishangae.

Sasa sikiliza. Lucie amerudi. Mume wake wa Lubumbashi ameoa mwingine, naye amekuja na masanduku yake kuishi kwa Cyprien. Amenenepa, anavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, na kila akisikia jina lako analia. Simchukii. Ni mdogo wangu, nami pia nilimbeba. Lakini wazazi wa David wameshakuja kujitambulisha, wamepanga mahari yawe mwisho wa Julai, na tangu hapo Lucie anaulizauliza atavaa nini.

Juzi Cyprien aliniambia nikitoe kikwembe mapema nikipige pasi. Nikajifanya naangalia sufuria.

Mama yako,
Virginie

*

Kampala, tarehe 15 Juni 2025

Maman yangu,

Asante Mungu mko hai. Barua yako nimeisoma mbele ya David nikashindwa kuimaliza, yeye ndiye aliyenisomea. Tuko salama.

Sitaweza kuja mwezi wa saba. Mitihani ya mwisho inaangukia wiki hizohizo, na nikiikosa naanza mwaka upya. Tonton Cyprien amesema mahari yatapokelewa hata nisipokuwepo, wataweka picha yangu mezani. Moyo wangu haukubali, lakini ndivyo itakavyokuwa.

Kuhusu lile jambo, sikukaa mikono mitupu. Nilizunguka soko la Owino mpaka nikapata kikwembe cha kijani chenye ndege wa njano. Nakwambia ni kilekile, labda hata kiwanda ni kilekile. Kilikuwa kipya mno, kwa hiyo nimekizeesha. Darasani tulifundishwa namna: chumvi, jua, jiwe, kukifua tena na tena hadi uzi ulegee. Kwenye pindo nimetoboa tundu kwa msumari. Hata wewe ukikiona utashtuka. Papa Anaclet anakuletea pamoja na barua hii. Kiweke begani, toka mbele yao, pokea kilicho chako. Nani atajua?

Nakuomba, Maman. Niache nirekebishe.

Mtoto wako,
Sifa

*

Bukavu, tarehe 3 Agosti 2025

Sifa mtoto wangu,

Natumaini mitihani imekwenda vizuri na umelala usingizi wa kutosha. Mimi ni mzima. Nilingoja siku chache kabla ya kuandika, ili niandike kwa mkono uliotulia.

Mahari yamepokelewa. Ng'ombe walikuja, mbuzi walikuja, mmoja akala maua ya Georgette. Watu wa David ni watu wa heshima, baba yake anaongea polepole na anasikiliza akijibiwa. Picha yako ilikuwa mezani kati ya chupa za bia ya Primus. Cyprien alivaa koti lake la arusi, lile ambalo vifungo vyake havifungi tena.

Kikwembe ulichotuma kilifika. Nilikifungua, nikakigeuzageuza, na nakubali umejifunza kazi. Tundu liko mahali pake. Nikakiweka puani. Kilinuka sabuni na jua, basi. Nilikifunga mgongoni nikiwa peke yangu chumbani nione, nikaona aibu kama mtu anayevaa nguo ya marehemu asiyemjua. Nikakikunja. Mama anaweza kukosa kikwembe, Sifa, lakini hawezi kusimama mbele ya watu na kikwembe cha uongo akisema, nilimbeba huyu. Ningekuwa nimeigeuza hata ile safari ya Nyangezi kuwa uongo.

Saa ikafika. Cyprien akasimama, akauliza kwa sauti ya kanisani:

«Huyu mutoto Sifa, nani alimubebaka?»

Lucie akaangalia chini. Mimi nikasimama.

«Ni mie.»

«Kikwembe iko wapi?»

Wote wakaniangalia mabega. Nilikuwa na njia mbili. Ningesema umekikata ukakiuza, wakwe wangesikia. Unajua watu wangesema nini: msichana anayeuza kikwembe chake cha mgongoni, kesho atauza nini? Mama yake David alikuwa amekaa karibu na mlango, na mbuzi walikuwa bado wamefungwa kamba. Kwa hiyo nikasema:

«Haiko. Ilinipoteaka.»

«Weye Virginie, ulipoteshaka kikwembe ya mutoto?»

«Njo vile, kaka. Ilinipoteaka mu njia, siku ya vita.»

Bibi mmoja wa upande wao akasonya. Mwingine akanong'ona kwamba ndiyo maana Mungu hakunipa wangu. Nilimsikia vizuri, sikio langu halina shida. Cyprien alibaki ameduwaa, maana vita vile ni vya 2004, na kikwembe hicho alikiona kwa macho yake sandukuni miaka michache tu iliyopita. Alijua kwamba nadanganya, hakujua kwa nini. Lakini neno langu lilikuwa limeshatoka mbele ya wageni, na desturi anaijua: aliyepoteza hapokei.

«Basi,» akasema, «damu njo damu. Lucie, simama.»

Lucie alisimama, akapokea kikwembe cha mama. Ni kizuri, cha zambarau, chenye majani ya mihogo. Alilia, na wanawake wakapiga vigelegele, nami nikapiga pia, kwa sababu asiyepiga angeonekana. Halafu nikaenda jikoni kuangalia wali.

Nimekuandikia yote ili usikie kutoka kwangu, usisikie kutoka kwa watu. Umeolewa kwa heshima. Hilo ndilo nililotaka.

Mama yako mkubwa,
Virginie

*

Kampala, tarehe 29 Agosti 2025

Maman,

Sijui nianzie wapi kukuuliza hali. Unakula? Unalala? Georgette anakuja kukaa na wewe jioni?

Barua yako ninayo chini ya mto. Nimefaulu mitihani, na siku matokeo yalipobandikwa wenzangu waliruka, mimi nilikwenda kukaa chooni nikalia. Mwalimu alisifu tena magauni yale mbele ya wanafunzi wapya. Alisema niliuza hadithi. Nikafikiri, ni kweli, niliiuza, na mwenye hadithi akabaki mikono mitupu mbele ya wazee.

Nilianza kuyatafuta magauni. Nilitaka kufumua kola zote, niunganishe vipande, nikurudishie hata kama kitakuwa na mishono kama kovu. Mengi yamesafiri, hayajulikani yalipo. Wiki iliyopita nilimkuta mama mmoja mjini amelivaa lile lenye tundu la msumari. Nilimfuata, nikamwomba aniuzie tena. Akakataa kwa upole. Akaanza kunieleza habari za mwanamke wa Bukavu aliyekimbia vita na mtoto mgongoni, akasema gauni hilo linampa nguvu. Alikuwa ananisimulia wewe, Maman, na mimi nimesimama pale naitikia kwa kichwa. Sikuweza kumwambia kwamba mtoto ni mimi.

Nimeamua. Nitamwandikia tonton Cyprien ukweli wote, na nitawaambia wazazi wa David pia. Wakikasirika wakasirike. Siwezi kuolewa juu ya jina lako.

Mtoto wako,
Sifa

*

Bukavu, tarehe 12 Septemba 2025

Sifa,

Mimi mzima, nakula, Georgette yupo. Naandika haraka, Anaclet anangoja mlangoni na unajua manung'uniko yake.

Usimwandikie Cyprien. Usiwaambie wakwe. Nilisema mbele ya koo mbili kwamba nilikipoteza. Ukija leo na ukweli wako, kwanza wewe utakuwa umeuza, pili mimi nitakuwa nimewadanganya wazee siku ya mahari, na Lucie atavuliwa alichopewa mbele ya watu. Tutabaki wanawake watatu wenye aibu badala ya mmoja. Huyo mmoja ameshazoea.

Maji yakimwagika hayazoleki. Olewa, fanya kazi yako, uza nguo zako. Hongera kwa kufaulu. Nilitoa misa ya shukrani, padri akasoma jina lako vibaya lakini Mungu amekuelewa.

Mama yako mkubwa,
Virginie

*

Kampala, tarehe 20 Aprili 2026

Maman yangu,

Shikamoo kwa heshima yote, na pole kwa magoti. Hukuja arusini Desemba na nilijua hutakuja, ingawa kiti chako kilikaa wazi na David hakuruhusu mtu akikalie. Asante kwa maharage. Tulikula hadi mwaka mpya.

Nimefungua chumba kidogo cha nguo, karibu na tunapoishi. Nanunua vikwembe kwa akina mama, nawapa mafundi, nauza. Vikaratasi vya hadithi siviweki tena. Nauza gauni kama gauni. Biashara inatembea polepole.

Maman, nina mimba. Mtoto anatarajiwa mwezi wa nane. Umekuwa wa kwanza kujua baada ya David. Nataka uje wewe. Sitaki desturi, sitaki nani alipokea nini. Mwanangu atakapoogeshwa nataka iwe mikono yako, na atakapotolewa nje nataka awe mgongoni kwako. David anakubali. Papa Anaclet amesema atakuleta mwenyewe, ukae kiti cha mbele, na hatalalamika njia nzima.

Njoo, nakuomba.

Mtoto wako,
Sifa

*

Bukavu, tarehe 17 Mei 2026

Sifa mtoto wangu,

Habari yako niliipokea nimesimama, ikabidi nikae. Namshukuru Mungu. Kula sombe ya majani ya muhogo na samaki, punguza chai, na usiiname kwenye cherehani muda mrefu. Kichefuchefu kikizidi, lamba chumvi kidogo.

Sitakuja. Aliyepokea ndiye anayekuja, na aliyepokea ni Lucie. Nikifika mimi, watu wa David watauliza yule aliyepoteza anatafuta nini kwenye beseni la mtoto, na mimi sina jibu la kuwapa. Usidhani sikutamani. Nilitamani siku hiyo tangu wewe hujajua kuongea. Nitamwona mtoto mkija kusalimia, kama bibi wengine wanavyowaona wajukuu wa ndugu zao.

Lucie ameanza kufunga mizigo. Jana alikuja hapa na kile kikwembe cha zambarau, akakaa muda mrefu anazungumza habari za mvua, mwisho akaniomba nimwonyeshe namna ya kubeba. Hajui. Watoto wake wa Lubumbashi walibebwa na wafanyakazi wa nyumbani. Tulijaribu na mfuko wa maharage. Mfuko ukaanguka, maharage yakatawanyika sakafuni, tukayaokota pamoja. Nilimfunga tena na tena mpaka akaweza kidogo.

Ila mtu anasahau, kwa hiyo naandika hapa umsomee, maana wewe pia hujui, ulikuwa mgongoni. Ainame mpaka mgongo uwe meza. Mtoto alale kifua juu ya mgongo wake, uso upande, miguu ikumbatie kiuno. Kitambaa kipite chini ya kwapa zake mwenyewe, na chini kishuke, makalio ya mtoto yakae ndani kama kwenye kiti. Avute upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, akaze juu ya matiti na kupinda ncha ndani. Asisimame haraka. Kabla ya kunyooka apeleke mkono nyuma, amguse, ajue yupo.

Afanye hivyo hata akiwa na uhakika, hata njiani, hata mtoto akiwa amelala. Mimi mpaka leo, nikisimama sokoni, mkono unakwenda nyuma wenyewe.

Mama yako mkubwa,
Virginie